Kabla Hujahesabu Faida: Mhadhara kwa Wafanyabiashara wa Mombasa

Mabibi na mabwana, wenye viwanda, wenye hoteli, wenye karakana, na nyinyi vijana wa vyuo mliojazana pale mlangoni, hamjambo. Nimeombwa nizungumze juu ya biashara inayoleta faida na papo hapo kutimiza wajibu wake kwa mazingira na kwa watu. Mimi ni mhasibu, na nitazungumza kama mhasibu. Habari za kupanda miche Jumamosi moja kwa mwaka, mkapiga picha na fulana zenye nembo ya kampuni, sitazigusa. Hizo nikiletewa risiti zake huziandika chini ya matangazo.

Neno langu ni moja tu. Faida ni kile kinachobaki ukishalipa gharama zote. Umelipa umeme, mishahara, pango na ushuru wa kaunti, lakini maji machafu ya karakana yako yameingia kisima cha jirani: hujamaliza kulipa. Hicho unachokiita faida ni mkopo, na aliyekukopesha hana habari kwamba amekukopesha.

Wahasibu tunalijua jambo hili zamani. Kuna kiwango cha kimataifa cha uhasibu, namba 37, kinachosema ukichimba shimo ambalo sheria inakudai ulifukie, deni la kulifukia linaingia vitabuni mara tu unapochimba, wala halisubiri siku timbo litakapokwisha mawe. Tena kiwango hicho kinakwenda mbali zaidi. Hata pasipo na sheria, kama kwa ahadi zako na mwenendo wako umewafanya watu watarajie kwamba utalifukia, basi unadaiwa. Kampuni kubwa zinazokaguliwa zinalijua hili vizuri. Sisi wengine tunachimba, tunauza, tunagawana, halafu timbo linaachwa lijae maji ya mvua na watoto wazame humo.

Tuchukue mfano wa hapa hapa kwetu. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, kikichimba mawe ya matumbawe ya kale. Baada ya miongo miwili hivi palibaki uwanda mweupe usio na udongo, jua linapiga chini na kurudi juu, na maji ya chumvi yako karibu tu chini ya miguu. René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa tayari ameajiriwa na kampuni, alianza mwaka 1971 kujaribu miti ya aina 26. Aina tatu tu ndizo zilizosimama, na iliyotia fora ni mvinje wetu huu wa ufukweni. Mvinje unastahimili chumvi, na mizizini mwake wanaishi bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo hauhitaji kuwekewa mbolea. Tatizo likawa majani yake. Yalianguka yakarundikana bila kuoza. Dawa ilikuwa jongoo. Jongoo waliachiliwa humo, wakayala yale majani makavu, na kinyesi chao kikawa udongo. Udongo ukaleta miti mingine, miti ikaleta ndege, yakachimbwa mabwawa ya samaki, wakaletwa wanyama. Mwaka 1984 watu wakaruhusiwa kuingia kwa kiingilio. Leo tunapaita Haller Park, na wengi wenu mliwapeleka watoto kumwona yule kiboko Owen aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe Mzee.

Hadithi hii husimuliwa kama hadithi ya wema. Wema ulikuwepo, sikatai. Lakini msisahau pale palipo timbo: kando ya barabara ya Malindi, katikati ya mahoteli, mbele ya macho ya kila anayepita. Kampuni inayohitaji kibali cha kuchimba kesho haiwezi kuwaonyesha watu jangwa ililolichimba jana. Tena shughuli yenyewe ilitakiwa ijitafutie riziki. Palikuwa na kampuni tanzu, Baobab Farm, iliyouza nguzo za mvinje, samaki na viingilio. Ndiyo maana ilidumu. Mradi wa hisani hufa siku mkurugenzi anapobadilishwa, ilhali huu umeona wamiliki wakipokezana, na mwishoni mwa 2024 karibu kampuni nzima ikanunuliwa na Amsons ya Tanzania, ambao wamerithi tanuri na msitu pamoja.

Sasa nitawaudhi kidogo waliokuwa wakinipigia makofi. Msitu ule, pamoja na uzuri wake, haufuti moshi. Jiwe la chokaa likipikwa hutoa kaboni dayoksaidi iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe lenyewe. Hata kama ungelipika kwa umeme wa jua, gesi ile ingetoka. Ndiyo maana saruji ya dunia nzima hukadiriwa kubeba kama asilimia 7 au 8 ya kaboni dayoksaidi yote tunayoitoa sisi binadamu. Wajibu mkubwa wa kiwanda cha saruji umo tanurini, bustani hufuata nyuma. Na humo tanurini ndimo wajibu na faida vinapokutana bila kulazimishwa. Kinachokula moto ni klinka, yale madonge yanayopikwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi. Ukiisaga klinka pamoja na pozolana, yaani majivu ya volkeno ambayo nchi yetu imejaliwa kuwa nayo, unapata mfuko wa saruji wenye klinka pungufu, makaa pungufu, gesi pungufu na gharama pungufu. Wenye viwanda waliifanya hesabu hiyo siku nyingi, na wala hawakungoja kuhubiriwa.

Upande wa pili wa kitabu ni Owino Uhuru, kule Jomvu. Ni kijiji cha watu kama 3,000, na ukutani mwake palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Biashara yenyewe si haramu, na ikifanywa sawasawa ni ya kusifiwa, maana betri isipoyeyushwa itatupwa. Lakini moshi ule na maji yale ya tindikali yaliingia kwa watu. Phyllis Omido aliajiriwa hapo mwaka 2009, mwanawe akaugua, vipimo vikaonyesha madini hayo ya risasi mwilini mwa mtoto. Akaacha kazi akaanza kupigana. Kiwanda kilifungwa 2014, na mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Mahakama hapa Mombasa iliamua mwaka 2020 wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Zikafuata rufaa, fidia ikatenguliwa, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Mimi nimepitisha ankara nyingi za mitambo maishani mwangu, na sijaona bado kichujio cha moshi kinachouzwa bilioni moja.

Hata hivyo tusijidanganye. Mzigo wa fidia ile uligawanywa baina ya kampuni na taasisi za serikali zilizozembea, na serikali ikilipa, anayelipa ni wewe na mimi. Wahubiri wa somo hili hupenda kusema kwamba kuchafua hakulipi. Kunalipa! Kunamlipa vizuri sana mwenye kiwanda anayefunga mapema na kuondoka. Mtu akiwaambia kwamba soko peke yake litawanyoosha watu wa namna hiyo, mwulizeni limemnyoosha nani.

Hapo ndipo sheria inapoingia, na najua wengi humu mkisikia NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, mnashika mifuko. Lakini kumbukeni mifuko ya plastiki. Marufuku ilianza Agosti 28, 2017, faini hadi milioni nne au kifungo hadi miaka minne. Kelele zilikuwa nyingi, na baadhi zilikuwa za haki, kwa sababu kulikuwa na watu walioajiriwa katika viwanda vile. Kwa mwenye duka lakini, kilibadilika nini? Mfuko uliokuwa wa bure ukawa na bei. Kumbe haukuwa wa bure hata siku moja: mitaro iliziba, ng'ombe wakaula, ufuo ukachafuka, na aliyelipa hakuwa muuzaji wala mnunuzi. Kwa vile sheria iliwashika wote siku moja, hakuna aliyepoteza mteja kwa jirani yake. Tanzania wakafuata Juni 1, 2019.

Turudi kwenye biashara zenu, maana si wote wenye matanuri. Wenye hoteli za ufukweni: mnavuta maji ya visima kwa pampu mchana na usiku, na mnajua kinachofuata. Mkizidisha, bahari inaingia chini kwa chini, kisima kinakuwa cha chumvi, chako na cha kijiji cha nyuma yako. Wewe utaita boza, lori la kuleta maji. Kijiji hakina pesa ya boza. Mita ya kisima na mtambo wa kusafisha maji ya bafuni ili yamwagilie bustani ni vitu vinavyojilipa, fanyeni hesabu yenu wenyewe kwa bei ya boza mnayoijua. Wenye gereji: oili chafu ina mnunuzi, msiimwage. Betri nazo msimpe mtu wa vyuma chakavu kabla hamjamwuliza anapeleka wapi, na mwombeni karatasi ya kibali. Akinuna, mmeshapata jibu.

Na vibarua. Hapa sina maneno laini. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, haki zake zinabadilika. Kwa hiyo wapo wanaomwachisha mtu kila baada ya wiki chache na kumrudisha Jumatatu, wakidhani wameokoa. Mimi naviona vitabu vyao: bidhaa zilizoharibika, mashine zilizoungua, saa za msimamizi kumfundisha mgeni mwingine tena. Gharama hizo zipo, ila zimetawanyika katika kurasa tano tofauti kwa hiyo hakuna anayezijumlisha. Hebu zijumlisheni mwezi huu.

Wakati wa chai mama mmoja aliniuliza: nikilipa haya yote na mshindani wangu asilipe, si nitafunga duka? Swali la haki, mama. Sitakwambia ujitoe mhanga. Anza na yale yanayorudisha pesa, maji, moto na watu. Yale yasiyorudisha, kama kichujio au kufukia shimo, yatengee akiba kwa kila lori linalotoka, hata shilingi chache, ziandikwe kama deni na zisiguswe wakati wa kugawana. Na kwenye chama chenu cha wafanyabiashara, badala ya kuomba sheria ilegezwe, ombeni ikaguliwe kwa wote, akiwemo yule anayefanya kazi usiku bila kibali. Huyo ndiye anayewaua kwa bei.

Nakoma hapo. Mzee wangu wa karakana ya Changamwe, nimekuona umeinua mkono tangu nilipotaja betri. Karibu, anza wewe.