Mkono Uwe Kamba: Boling Inajengwa Nyumbani

Haya asanteni, wa nyuma mnanisikia? Sogeeni mbele jamani, viti bado vipo. Naongea Kiswahili kwa sababu naona hapa kuna watu wa Arua, wa Jinja, kuna ndugu zetu kutoka Kongo, kuna Waganda wenyewe, na hii ndio lugha itatufikisha wote.

Mimi tufe la boling, huu mchezo wa kubingirisha tufe kuangusha pini kumi zilizosimamishwa kule mbele, nililishika mara ya kwanza pale Garden City hapa Kampala, rafiki wa kazini alinipeleka mwisho wa mwezi, na nilichokiona siku ile ndicho nakiona mpaka leo kwa wengi wanaoanza, mtu anakuja, analipia gemu mbili, anarusha kwa nguvu zake zote, bega linamuuma siku tatu, mwezi ujao anarudi yuko pale pale alipokuwa na hela imeshaenda. Inaniuma kwa kweli. Leni ya kulipia, ile njia ya mbao tufe linapobingirikia, iwe mahali pa kwenda kupima, kazi yenyewe uifanye nyumbani, na vifaa vyake unavyo tayari jikoni.

Kwanza muelewe huu mchezo unataka nini. Kutoka mstari wa faulo, ule usioruhusiwa kuuvuka ukirusha, mpaka pini ya kwanza ni mita 18 na kidogo, lakini mishale ile iliyochorwa sakafuni iko kama mita 4 na nusu tu kutoka kwenye mstari. Leni ina mbao 39, kila ubao haufiki sentimita 3. Sasa ukirusha tufe linalokwenda moja kwa moja, ukikosea ubao mmoja tu pale kwenye mishale, likifika kwenye pini umeshakosea mbao nne, yaani kama sentimita 11, na pini pale tumboni penye unene wake ni sentimita 12. Umeona? Kosa dogo la pale karibu limekula karibu pini nzima kule mbele. Kwa hiyo macho yawe kwenye mishale, pini ziache.

Na hilo kosa la ubao mmoja linatoka wapi, mara nyingi ni mkono, mtu anakaza, anavuta, kiwiko kinakunjika, tufe linakatiza mbele ya mwili wake. Anadhani nguvu haitoshi. Lakini pini moja ni kama kilo 1 na nusu, tufe la paundi 12 ni zaidi ya kilo 5, nguvu imo tayari ndani ya tufe lenyewe, wewe kazi yako ni kuliachia lipite. Mkono uwe kama kamba ya bembea, basi.

Hapa ndio nawaletea hii jerikeni. Ile ndogo ya lita 5, kadomola, iliyokuwa na mafuta ya kupikia. Lita moja ya maji ni kilo moja kwa hiyo ikijaa una kilo 5, paundi 11 hivi, na kila tufe pale leni limeandikwa namba, hiyo namba ni paundi, unaweza kulinganisha mwenyewe. Lakini msianze na iliyojaa! Anza na lita 2 na nusu, funga mfuniko vizuri, simama ubavu wako ukiwa karibu na ukuta, mkono unaning'inia kati yako na ukuta, halafu inyanyue mbele kidogo na uiachie ianguke yenyewe, irudi nyuma, irudi mbele, bila kugusa ukuta wala paja. Na usikilize maji. Ukiiachia kabisa maji yanatembea na jerikeni pamoja kama mtoto aliyekaa kwenye bembea, yanatulia, ila ukivuta tu katikati ya safari utasikia chwaa! yanapiga ukuta wa jerikeni. Mimi sijawahi kupata kocha mkali kama haya maji, hayakuoneshi huruma. Mara 20 asubuhi, mara 20 jioni, watoto wakae mbali, na TV nayo iwe mbali, na bega likianza kuchoma unaweka chini siku hiyo imeisha.

Miguu sasa. Kama unatumia mkono wa kulia, hatua nne, unaanza na mguu wa kulia na tufe linasukumwa mbele pamoja nao, wa kushoto tufe linapita karibu na paja, wa kulia tufe liko juu nyuma, wa kushoto unateleza na kuachia. Wa mkono wa kushoto mgeuze tu. Nyumbani unavaa soksi, kama una taili au saruji iliyosuguliwa vizuri, unahesabu kwa sauti moja, mbili, tatu, teleza, bila kushika kitu chochote, jioni baada ya chakula kikishatulia tumboni. Majirani wangu walishazoea kunisikia nikihesabu koridoni. Ukimaliza kuteleza usisimame haraka, baki hapo goti limekunjika mguu mmoja mpaka uhesabu tano, ukiyumba ujue na kule leni unayumba. Ndio maana nawaambia pigeni mswaki mkiwa mmesimama mguu mmoja, ule wa kutelezea, ni dakika mbili za bure kila siku.

Mazoezi ya mwili sio mengi. Kaa bila kiti mgongo ukiwa ukutani kwa ajili ya mapaja, planki, ile ya kulalia viwiko na vidole vya miguu mwili umenyooka, kwa ajili ya kiuno, na ile mipira tunayofungia mizigo kwenye boda, funga kwenye nguzo uivute taratibu kwa bega, mikono yote miwili, kwa sababu boling inatumia upande mmoja na mwili unapinda ukiuacha. Vidole? Kamua nguo kwa mkono, hasa suruali za jinzi.

Speya, yaani kumalizia kwa tufe la pili pini zilizobaki, ndio watu wanazidharau. Wote wanataka straiki, kuangusha zote kumi kwa tufe la kwanza. Hebu tupige hesabu, gemu moja ni fremu kumi, yaani zamu kumi, ukiangusha pini 9 kila fremu na ile moja ukaiacha, unapata 90. Ukiangusha 9 halafu ile moja ukaimalizia kila mara, kila fremu inakupa 10 na unaongezewa pini za tufe linalofuata, na tufe la ziada la mwisho nalo likapata 9, unapata 190. Mia nzima iko kwenye ile pini moja moja! Kwa hiyo weka vizibo viwili vya soda mita 4 na nusu mbele yako, katikati papitishe mpira wa tenisi, bingirisha, mpaka upite mara 10 mfululizo, ndipo uvisogeze vikaribiane.

Ndio kijana, umeuliza kuhusu kurusha kwa mikono miwili kama Jason Belmonte, yule mchezaji wa boling wa Australia. Inaruhusiwa, na tufe linazunguka sana, lakini inataka mgongo na kiuno vyenye nguvu, jipe kwanza miezi kadhaa ya planki. Na wewe nnyabo, mama yangu mwenye goti bovu, usikunje sana, chukua tufe jepesi zaidi, hatua fupi, ile bembea ya mkono itakufanyia kazi.

Njoo basi, njoo hapa mbele nnyabo. Shika hii. Usiiminye, vidole tu. Inyanyue... iachie. Hapana umevuta, mmesikia wote? Tena. Bega lilegee, pumua. Iachie.

Mmesikia? Kimya. Nani anafuata?