Kipokezi Kinachojua Kilipo: Mhadhara Kuhusu Redio za Kunasa Mawasiliano ya Kijeshi

Mabibi na mabwana, walimu wangu, na nyinyi vijana mnaopenda kufungua mitambo kuona kilichomo, ahsanteni kwa kuja.

Simulizi za Vita vya Pili vya Dunia zimewapa sifa nyingi wavunja misimbo, na wanazistahili. Lakini kabla mwanahisabati hajapewa karatasi iliyojaa herufi tano-tano zisizosomeka, palikuwa na mtu aliyezinasa hewani moja moja. Alivaa hedifoni, penseli mkononi, na mbele yake sanduku la chuma lenye joto. Akikosea herufi chache, kazi yote ya wenzake huweza kukwama. Leo nataka tulizungumzie sanduku hilo, kwa sababu naona limesahaulika isivyo haki.

Watu wakiona kipokezi cha zamani cha kijeshi huuliza: kinafika wapi? Kwangu mimi hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: ukikiweka kwenye masafa fulani, yaani idadi fulani ya mitetemo ya mawimbi kwa sekunde, kinatulia hapohapo? Na kesho ukitaka kurudi palepale, utapajua? Adui hasubiri umtafute. Anaita, anatuma ujumbe wake mfupi, ananyamaza. Ukifika umechelewa, umefika bure.

Vipokezi vyote nitakavyovitaja ni vya aina ya superheterodaini, wazo la Mmarekani Edwin Armstrong la mwaka 1918. Ndani yake mna osileta, sakiti inayozalisha mawimbi yake yenyewe. Mawimbi hayo huchanganywa na yale yanayoingia kwa antena, na tofauti ya masafa yao ndiyo inayokuzwa na kuchujwa. Faida yake ni kubwa: kichujio kinafanya kazi kwenye masafa mamoja tu, kwa hiyo unaweza kukitengeneza kiwe kikali sana. Lakini sasa kila kitu kinaitegemea ile osileta. Valvu, zile taa za kioo zinazokuza ishara, zikipata moto, koili na kapasita zinazopanga masafa hubadilika kidogo, osileta inasogea, na ishara uliyokuwa ukiisikiliza inakuponyoka nawe hujagusa kitu.

Tuanze na HRO. Kampuni ya National ya Marekani iliitoa mwaka 1935, na hadi leo naiona kuwa miongoni mwa redio zilizofikiriwa vizuri kuliko zote. Haina swichi ya kubadilisha mikanda ya masafa. Koili zimo katika sanduku dogo linaloingizwa mbele ya redio kama droo. Ukitaka mkanda mwingine, unalichomoa na kuingiza jingine. Ni usumbufu, kweli, lakini swichi iliyochakaa inatikisa masafa, na hapa haipo. Sehemu ya umeme nayo imewekwa nje kabisa, katika sanduku lake, ili joto na mngurumo vikae mbali. Na kifundo chake kinahitaji mizunguko kumi kutoka mwanzo wa mkanda hadi mwisho, huku namba zikipanda kutoka 0 hadi 500 katika vidirisha vidogo. Ungeunyoosha mzunguko huo wote, ungepata mstari wa takriban mita 3.6. Namba hizo si kilohezi. Msikilizaji anazisoma kisha anaangalia grafu iliyobandikwa kwenye koili. Lakini akiandika kwamba ishara ya jana ilikuwa kwenye 347, leo ataikuta jirani kabisa na 347.

Uingereza iliagiza HRO kwa maelfu kwa ajili ya vituo vyake vya kunasia, vile vilivyoilisha Bletchley Park, makao ya wavunja misimbo wa Uingereza. Wajerumani nao waliinakili, wakatengeneza ya kwao. Sijui sifa gani inaweza kuizidi hiyo kwa mtambo: pande mbili zinapigana, na zote zinasikilizana kwa redio ya muundo mmoja.

Baadaye ilikuja AR-88 ya RCA, kampuni nyingine ya Marekani, yenye valvu 14 na uzito wa kilo 45 hivi. Hiyo inabebwa na watu wawili. Uzito wake haukuwa wa bure: chuma kinene hakipindiki, na kisichopindika hakisogezi masafa.

Sasa tumtazame aliyeketi mbele yake. Wengi katika vituo vya Uingereza walikuwa wanawake vijana waliofundishwa jeshini Morse, ile alfabeti ya nukta na mistari, na palikuwa pia na wapenzi wa redio wa kiraia waliosikiliza wakiwa nyumbani kwao, kwa siri. Kila mtu anayepiga Morse kwa mkono ana mdundo wake: huyu anavuta mstari, yule anaharakisha nukta. Msikilizaji mzoefu alimtambua mpigaji wa upande wa pili kwa mdundo huo, hata kituo kilipobadilisha jina la kuitana na masafa. Taarifa hiyo pekee, kwamba mtu yuleyule sasa anasikika kutoka mahali pengine, iliweza kuonyesha kikosi kimehama kabla neno hata moja la ujumbe halijasomeka.

Hata kipokezi bora hakisikii kisichokifikia. Mfano uko Mombasa. Baada ya Wajapani kuishambulia Colombo, katika Sri Lanka ya leo, kwa ndege mwezi Aprili 1942, kitengo cha Waingereza cha kunasa na kuvunja misimbo ya jeshi la majini la Japani kilihamishiwa Kilindini, kikapewa jengo la shule ya Allidina Visram. Umbali ukawatesa. Ishara nyingi za Kijapani zilifika zikiwa dhaifu mno, na walizozipata vizuri ni zile zenye nguvu tu. Pamoja na hayo, ni hapo Kilindini, mwishoni mwa 1942, ndipo JN-40 ilipovunjwa, msimbo uliotumiwa na meli za biashara za Japani. Mwaka 1943 kitengo kikarudi Colombo, karibu zaidi na adui. Nadhani tunaoishi Afrika Mashariki tungepaswa kuijua habari hii kama tunavyoijua ya Bletchley.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Osileta niliyoieleza haikai ndani tu. Mawimbi yake yanaweza kuvuja kupitia antena yenyewe. Yaani redio ya kusikilizia nayo inatangaza. Nyambizi za Kijerumani zilikuwa na kipokezi kilichoitwa Metox, cha kuonya kwamba rada ya ndege inakaribia. Mwaka 1943, nyambizi zilipokuwa zikipotea kwa wingi, makamanda waliamini kwamba ndege zinafuata mvujo wa Metox, wakaamuru kisitumike. Mvujo ulikuwepo kweli, lakini sababu haikuwa hiyo. Washirika, yaani Uingereza, Marekani na wenzao, walikuwa na rada mpya ya mawimbi ya sentimita 10, ambayo Metox haikuwa na uwezo wa kuisikia, na pia walikuwa wakisoma ujumbe wa Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuficha maandishi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, MI5, idara ya Uingereza ya kukamata majasusi, iliutumia mvujo wa aina hiyo kwa kusudi: iliwatafuta majasusi kwa kusikiliza osileta za redio zao.

Tatizo la kujua ulipo lilitatuliwa barabara miaka ya 1950, kwa njia mbili tofauti kabisa. Kampuni ya Collins ya Marekani ilitoa kipokezi cha R-390A, kutoka megahezi 0.5 hadi 32. Kifundo kinazungusha msitu wa giya na kemu, magurudumu yasiyo duara kamili, zinazoinua na kushusha vijiti vya unga wa chuma ndani ya koili, huku masafa yakisomeka kwa tarakimu, kilohezi kwa kilohezi. Uingereza, kampuni ya Racal ilitoa RA-17 kwa kutumia hesabu ya mhandisi Trevor Wadley wa Afrika Kusini. Osileta moja inatumika kwenye njia mbili: moja inabeba ishara ya antena, nyingine inabeba mapigo ya megahezi 1 ya fuwele, kijiwe kinachotetemeka kwa masafa yasiyoyumba. Osileta ikisogea, njia zote mbili zinasogea kwa kiasi kilekile, na zikikutana kosa linajifuta. Giya za Collins zinanivutia macho, lakini wazo la Wadley naliona kubwa zaidi. Yeye hakuizuia osileta isisogee. Alifanya kusogea kwake kusiwe na madhara.

Ukibahatika kupata moja ya redio hizi, usiichomeke ukutani siku hiyohiyo. Kapasita zake za karatasi zinavuja, na volti zaidi ya 200 zilizomo zinaua. Badilisha kapasita hizo kwanza, hakikisha ganda la chuma limeunganishwa na ardhi, kisha pandisha umeme polepole. Baadhi ya mita za kijeshi zilipakwa rangi ya radiamu ili zing'ae gizani. Usizifungue wala kuzikwangua. Halafu iache iwake saa nzima ndipo upime. Kwenye R-390A, washa kalibreta ya fuwele, kifaa cha kuhakiki masafa, ambayo inakupa alama kila kilohezi 100, na uzilinganishe na tarakimu. Kosa likiwa sawa kila mahali, rekebisha kaunta tu. Likikua kadiri unavyopanda, osileta yenyewe ndiyo inayohitaji kurekebishwa.

Karibuni kwa maswali.