Siku za nuksi kule Ayalandi

Haya jamani tuendelee, muda wenyewe mdogo. Naanza na ile mi naona ndo kiboko yao, tarehe 28 Desemba, Wakatoliki mliopo hapa mnaijua, ya kuwakumbuka watoto waliouliwa na Herode. Waayalandi waliiita Lá Crosta na Bliana, siku ya kisirani ya mwaka. Huanzi kazi mpya, huoi, kaburi hulichimbi. Sasa sikia, sehemu zingine nuksi haikuishia hapo, kama 28 imeangukia Jumanne basi kila Jumanne mwaka mzima unaofuata nayo ina mkosi, hapo harusi unaipangaje?

Na harusi zenyewe zilikuwa na msimu, Kwaresima ndoa hazifungwi, kwa hiyo watu walikimbizana kuoana kabla, na Jumanne ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu ndo ilikuwa siku yenyewe.

Haya yote tunayajua kwa sababu kati ya 1937 na 1939 watoto wa shule za msingi, shule kama 5,000 hivi, walitumwa wakawaulize wazee wao nyumbani na kuandika. Kazi safi sana ile.

Jumatatu nayo walikwepa kuchimba kaburi, ila kama msiba umebana, mtu anaenda Jumapili kupiga jembe kidogo tu, yaani kazi ihesabike imeshaanza. Wajanja hao!

Tarehe 1 Mei sasa. Uende kwa jirani kuomba moto, maziwa au chumvi, hupewi, hata kama mmeshibana vipi, maana anaona siagi yake ya mwaka mzima inaondoka na wewe. Hata majivu ya jikoni hayatupwi nje siku hiyo. Mnacheka, lakini siagi kwa familia nyingi ndo ilikuwa hela ya kumlipa mwenye ardhi, ukikosa kodi unafukuzwa shambani, kwa hiyo mi siwezi kuiita hofu ya kijinga.

Dada pale nyuma ameuliza kuhusu kuzaliwa siku mbaya. Ipo, Pentekoste. Mtoto wa siku hiyo walisema ama ataua mtu ama atauliwa. Dawa yake ni kumshikisha kichanga nzi au mnyoo kiganjani, mnamfumba mkono mnaubana mpaka mdudu afe, basi ameshaua, deni limelipwa, mtoto anarudishwa kunyonya.