Sifuri ya Bunduki: Chagua Risasi Kwanza, Umbali Baadaye

Haya, karibuni. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tuko uwanja wa shabaha nje kidogo ya Tanga mjini. Mkonge kushoto, mkonge kulia, mbele kuna tuta la udongo refu kuliko nyumba. Nimewahi makusudi. Ikifika saa nne upepo wa baharini unaamka, na sifuri utakayoweka saa hiyo itakuwa ya upepo, si ya bunduki. Kuweka sifuri ni kuipanga darubini ili risasi ipige pale unapolenga, kwa umbali uliouchagua.

Leseni ninayo, masikio yamezibwa, miwani machoni, bolti, kile kifungio cha nyuma ya mtutu, wazi, chemba inapokaa risasi tupu. Skrubu za pete za darubini nimezikaza jana. Tunaendelea.

Bunduki ni .308 Winchester, yaani hiyo ndiyo aina ya risasi inayotumia. Kila wiki naulizwa: niweke sifuri mita ngapi? Na mimi nauliza: unapiga risasi gani? Umbali bila risasi hauna maana. Ukibadilisha risasi, sifuri yako imeondoka.

Angalieni hizi mbili, mpwa wangu sogeza kamera. Hii ya kushoto ni greni 150, greni ni kipimo cha uzito wa risasi, ncha yake laini, ya kuwindia. Hii ni greni 168, kama gramu 11, ya kulenga karatasi, ina kitundu kidogo kwenye ncha. Hii ya kitundu inapiga vizuri mno, lakini msiende nayo porini. Haikutengenezwa ifunguke ndani ya mnyama, na mnyama anastahili kufa upesi. Kwa hiyo jiulize kwanza unapiga nini. Kisha uangalie mtutu. Mifereji ya ndani ya mtutu wangu inazunguka duara moja kila inchi 11, na greni 168 inaipenda. Risasi nzito zaidi ni ndefu zaidi, inataka mzunguko wa haraka zaidi, vinginevyo inayumba angani. Jambo la tatu halisemwi sana: nunua ile ambayo dukani utaipata tena. Risasi nzuri isiyopatikana mwakani inakupotezea sifuri na pesa.

Umbali sasa. Mimi naweka mita 100. Hapo upepo haujapata nafasi ya kuisukuma risasi, mazigazi ya joto hayajaanza kuchezesha shabaha, na kila kosa linabaki kuwa lako. Kwa hii ya greni 168, sifuri ikiwa mita 100, mita 200 risasi inashuka kama sentimita 14, na mita 300 karibu nusu mita. Unageuza kitasa cha kurekebishia darubini, unaendelea. Wengine wanapenda mita 200. Ukifanya hivyo, mita 100 risasi inapita juu ya alama kwa kama sentimita 7. Kwa mwindaji wa nyika tupu asiyetaka kugusa kitasa, sawa. Lakini mapori yetu ya Handeni vichaka vimebanana, mnyama unamwona karibu. Mita 100 inatosha.

Toa bolti, chungulia ndani ya mtutu kutoka nyuma, duara la shabaha liwe katikati. Bila kuigusa bunduki, geuza vitasa mpaka msalaba wa darubini uangukie palepale. Basi. Rudisha bolti.

Bunduki ilale kwenye mifuko. Hii naishona mwenyewe, turubai na mchanga mkavu uliochekechwa, anayehitaji aniandikie hapo chini. Usijaze mchanga wa ufukweni. Una chumvi, unavuta unyevu, na chumvi ya pwani hii inakula chuma bila kuchoka.

Risasi tatu. Usiguse kitasa baada ya moja! Moja haisemi kitu.

...Tatu. Mpwa, vuta picha. Matundu yamekaa pamoja, sarafu ya shilingi mia inayafunika yote. Yako chini sentimita 6, kulia sentimita 3. Kitasa changu kliki moja, yaani hatua moja ya kukigeuza, ni sentimita 1 kwa mita 100. Kliki 6 juu, 3 kushoto. Mshale kwenye kitasa unaonyesha risasi iende wapi, si ilikotoka.

Kabla sijarudia, sikilizeni sana. Msichanganye maboksi. Jina moja, uzito mmoja, rangi moja, bado yanaweza kuwa matoleo mawili, yaani yametengenezwa kiwandani kwa awamu tofauti. Geuza boksi, kuna namba ya toleo. Mwaka juzi nilimaliza asubuhi nzima nikifukuza sentimita 4 zilizokuwa zinapanda na kushuka. Nikakaza skrubu, nikabadilisha mifuko, nikailaumu darubini. Kumbe nilikuwa natoa risasi kwenye maboksi mawili. Baruti ya toleo jingine haichomeki sawasawa kabisa, kasi inatofautiana, na karatasi inaonyesha. Kwa hiyo boksi moja mezani. Moja tu, lingine libaki...

“Mjomba, mbuzi!”

Simama. Bolti wazi, risasi nje, mikono mbali na bunduki. Wamekatiza kati yetu na tuta, na nyuma yao kuna mtoto anawachunga. Tunasubiri. Hata kama ni nusu saa, tunasubiri.

Wamepita, na mtoto yuko mbali, namwona kwenye njia ya mkonge. Mpwa, subiri, rudisha kamera mezani. Pale, nyuma ya kikombe, hilo ni boksi gani? Ni la pili. Mmeona? Limefikaje mezani sijui, ila liondoke, liingie garini kabisa. Ndiyo maana narudia: boksi moja mezani.

Haya, tano kutoka boksi lilelile. Vuta pumzi, toa nusu, bana kifyatulio taratibu. Kati ya risasi moja na nyingine uache mtutu upoe, joto la Tanga halisaidii.

Tano zimekaa. Nne zinagusana, moja imetoka upana wa kidole, hiyo nimeivuta mimi kwa kubana kifyatulio vibaya, niliisikia. Katikati ya kundi ni katikati ya duara. Legeza kitasa, kizungushe kisome sifuri, kikaze bila kukisogeza.

Sasa kipande cha plasta kwenye kitako, na kalamu: .308, greni 168, namba ya toleo, mita 100, tarehe, saa, nyuzi 27. Niandikie vizuri, mpwa wangu, herufi kubwa. Ukipeleka bunduki Lushoto kwenye hewa nyembamba, mita 100 hutaona tofauti, mita 400 utaiona, na utataka kujua ulianzia wapi.

Majani ya mnazi ule yameanza kutikisika. Tufungashe.