Sinia la nyama na jibini, korosho za Mtwara katikati

Mtwara kucheleee! Shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo vipi. Mama, najua unaangalia kwa simu ya mdogo wangu, usinipigie sasa hivi, video itakatika.

Hapa Bologna, Italia, baridi kali, na jioni nina wageni watano. Huku mgeni kabla ya chakula chenyewe anatandikiwa tagliere: ubao wa mbao, juu yake nyama kavu na jibini, watu wanadokoa. Jina lisiwatishe. Ni sinia lile lile, ila halina wali.

Kwenye nyama ndiko kuna mtego, maana mji huu ni wa nguruwe. Mortadella, prosciutto, salami, karibu zote kitimoto. Na mgeni wangu mmoja ni dada wa Lindi, swala tano. Kwa hiyo nimechukua bresaola, paja la ng'ombe lililokolezwa chumvi na viungo likaning'inizwa wiki kadhaa. Nimeifuata duka la halali kabisa, kwa sababu wengine huitia mvinyo. Fikirieni ng'onda, basi. Chumvi, upepo na subira. Wavuvi wa Mikindani hawana cha kujifunza hapo.

Jibini ziko tatu. Hii ngumu ni Parmigiano ya miezi 24, na chini ya 12 hairuhusiwi kuuzwa kwa jina hilo. Usiikate miraba kama sabuni ya kipande. Chomeka kisu kifupi, imegue. Hii pecorino, maziwa ya kondoo. Na hii yenye mishipa ya bluu ni gorgonzola. Mama, haijaoza! Ukungu umepandwa makusudi. Ingawa mara ya kwanza nilisogeza friji nikitafuta panya aliyekufa.

Zitoeni kwenye friji saa zima kabla ya wageni. Ikiwa ya baridi unatafuna nta.

Sasa kupanga. Zamani nilianza na nyama, nikaitandaza kama viraka, ikakauka kingo kabla hata hodi haijapigwa. Siku hizi naanza na vibakuli: asali, ya kuchuruzia pecorino, na achari ya embe ya mama. Waitaliano wana yao ya matunda na haradali, lakini wakionja hii wanauliza imenunuliwa wapi. Kisha jibini, zikae mbalimbali. Nyama mwisho, ikunjwe legelege kama kanga iliyotupwa kitandani. Mapengo nayaziba kwa zabibu, mkate uliobanikwa, na korosho.

Korosho za Newala hizi, alizibeba shangazi. Nazikausha kwenye oveni bila mafuta, kisha chumvi kidogo. Mnajua huku wanavyozinunua? Kipakiti cha kiganja! Mimi namwaga katikati ya ubao, mlima. Na kila mara zinaisha kabla ya jibini ya bei.

Mlioko huko, msihangaike na Parmigiano. Njombe wanatengeneza jibini nzuri ya ng'ombe. Wekeni na pweza mkavu wa kuchoma, ming'oko (vile viazi pori) ya kuchemsha pembeni, pilipili na ndimu. Ningekuwa Shangani ya Mtwara leo, ningewaachia hawa gorgonzola yao.

Mama, korosho zimebaki kikombe kimoja. Shangazi akisafiri tena, mpe mbichi, usizikaange. Zile za mwaka jana alizimaliza kwenye ndege.