Gunia Moja la Mboga, Kutoka Vuli Mpaka Kipupwe

Karibuni uani kwetu, ndugu zangu. Hili gunia mnaloliona hapa ukutani linatupa mboga watu sita, mara mbili kwa wiki, na mwaka uliopita halikulala hata mwezi mmoja. Leo natengeneza jipya pembeni yake, mwone kila kitu kuanzia mwanzo.

Ninarekodi mwanzoni mwa Oktoba. Mvua za vuli bado hazijashika hapa Dar es Salaam, lakini mawingu yameanza kukusanyika jioni. Huu ndio wakati wa kuanza. Ukianza Januari, jua la kiangazi litaunguza miche kabla haijashika mizizi, na utasema huna mkono wa kupanda. Mkono unao, umekosea mwezi tu.

Tuanze na gunia lenyewe. Hili ni la plastiki, la kilo 100, lililokuwa na mahindi. Kabla hujalijaza, livute kwa mikono miwili hivi. Likitoa vumbi jeupe au nyuzi zikikatika, jua limeshalila. Litakupasukia likiwa limejaa udongo. Tafuta lingine.

Sasa udongo. Udongo wa huku kwetu ni mchanga mtupu, maji yanapita kama kwenye chujio. Mimi nachanganya ndoo mbili za udongo na ndoo moja ya samadi, nageuza kwa koleo mpaka rangi iwe moja. Na hapa kwenye samadi naomba tukae kidogo. Chukua konzi moja, ifumbate. Ikiwa na joto, ikiwa inanuka kali, bado haijaiva. Iliyoiva imepoa, inamomonyoka kiganjani na inanukia udongo wa chini ya mti. Mwaka wangu wa kwanza niliweka samadi mbichi ya kuku na kupanda siku ile ile. Siku ya nne majani yakakauka kingo kama yamepitishwa motoni, miche yote ikafa. Mwanangu mdogo ndiye aliyeipanda kwa mikono yake, akawa anakwenda kuiangalia kila akitoka shule. Iliniuma sana. Kwa hiyo, kama samadi yako ni mbichi, irundike kivulini, iloweshe, ifunike, igeuze kila baada ya wiki moja au mbili, uiache miezi miwili mitatu. Usiwe na haraka.

Hatua inayofuata ndiyo siri ya gunia. Hili ni kopo la rangi, nimelitoa kitako na mfuniko, limebaki bomba. Nakunja midomo ya gunia mpaka karibu na chini, nasimamisha kopo katikati, ndani yake najaza kokoto. Pembeni kote najaza udongo, nashindilia kwa kiganja taratibu. Halafu nalivuta kopo juu, kokoto zinabaki. Naliweka tena juu ya zile kokoto, najaza tena, napandisha. Hivyo hivyo hadi juu. Ukimaliza unakuwa na nguzo ya kokoto katikati, na maji yatashuka humo mpaka chini. Bila nguzo hii mimea ya juu inakunywa, ya chini inakufa kwa kiu.

Kabla hujaanza kujaza, gunia lisimamishwe juu ya matofali manne au matano, yapangwe yasiyumbe. Mwezi wa nne mtaona kwa nini.

Kabla ya kupanda, mwagilia siku mbili tatu, udongo ushuke na kutulia. Wakati huo nenda kaombe marando ya matembele kwa jirani. Mbegu ya matembele hainunuliwi huku kwetu, inaombwa. Kata urefu kama wa rula ya shule, sentimita 30 hivi, toa majani ya chini, yaweke kivulini hadi kesho yake.

Siku ya kupanda, toboa gunia ubavuni kwa kisu, matundu ya vidole viwili. Acha shibiri moja kati ya tundu na tundu, na msitari wa pili upishane na wa kwanza. Tundu la chini kabisa liwe juu ya goti, kwa sababu ya kuku. Ingiza rando, vifundo viwili au vitatu viwe ndani ya udongo, bana kwa kidole. Ubavuni ni matembele, huku juu namwaga mbegu za mchicha. Mchicha usiuweke ubavuni. Huo unang'olewa, na kila ukiung'oa udongo unatoka nao.

Wiki ya tatu au ya nne mchicha unaliwa. Matembele nayo yakishachangamka, chuma ncha tu, urefu wa kidole, uache majani nyuma yake. Pale ulipokata yatatoka machipukizi mawili. Mama mkwe wangu ndiye aliyenifundisha hilo. Yeye pia hukamulia ndimu kwenye sufuria kupunguza utelezi, halafu tui la nazi mwishoni, asilifunike.

Picha hizi sasa ni za Februari. Tazameni rangi ya majani, imefifia. Kiangazi tunamwagilia mara mbili, alfajiri na jua likishazama, nusu ndoo kila mara, kwa kopo lililotobolewa matundu madogo. Juu tunatandaza nyasi kavu unene wa vidole vinne, na mchana tunaegesha kuti upande wa magharibi. Maji ya kuoshea mchele na mboga hayamwagwi, yanaletwa hapa. Ya sabuni ya unga hapana. Wakati huu sipandi kitu kipya, natunza kilichopo. Na niwaambie ukweli, Januari watoto wanaporudi shule, sare na madaftari vikishachukua hela yote, haya matembele yaliyofifia ndiyo yaliyotuvusha.

Masika, Machi hadi Mei, kazi inageuka. Huhitaji kumwagilia, unahitaji maji yatoke. Mnaona yanavyochuruzika chini ya matofali? Gunia lililokaa chini lingekuwa dimbwi na mizizi ingeoza. Konokono ni wengi. Watoto wanatoka na tochi usiku baada ya kula, wanawaokota kwenye ndoo, kesho asubuhi ni chakula cha bata wa bibi yao. Nyanya msipande kipindi hiki, ukungu utazimaliza zikiwa bado mbichi. Vidukari mkiwaona chini ya majani, twanga konzi mbili za majani ya mwarobaini, loweka kwenye lita mbili za maji usiku kucha, chuja, weka kipande kidogo sana cha sabuni ya mche, nyunyiza jioni. Rudia baada ya wiki. Siku mbili tatu usichume, na ukichuma osha vizuri.

Halafu Juni inaingia, upepo wa kusi unavuma, usiku tunajifunika shuka. Kipupwe ndicho ninachokipenda kuliko majira yote. Juu ya gunia natoa mchicha uliochoka, naongeza ndoo ya samadi iliyoiva, nahamishia miche ya chainizi na spinachi. Watoto wako likizo, kila mmoja amepewa upande wake, na mkubwa ameandika siku za kumwagilia kwa chaki ukutani. Nyanya nazo sasa zinakubali, mche mmoja juu, pembeni ya nguzo ya kokoto, usimikiwe kijiti. Ila pale ulipovuna nyanya, msimu unaofuata usirudishe nyanya, mnavu wala biringanya. Zote ni ukoo mmoja, ugonjwa wa moja ni wa nyingine.

Lile gunia la zamani la ukutani leo nalimwaga. Udongo wake umechoka lakini hautupwi. Nautandaza juani siku tatu, nachanganya na samadi mpya, unarudi ndani. Kokoto naziosha. Marando nayakata sasa hivi, yale manene yenye afya, na haya mafungu mawili ni ya jirani wa geti jekundu, aliyenipa mbegu mwaka jana, kabla marando yake hayajakauka kwa kiangazi. Ngoja niyapeleke kabla jua halijapanda.