Jina la Mtoto Mwingine Kwenye Sweta Langu

Shikamooni wakubwa zangu wote mnaonitazama kutoka nyumbani, na wadogo zangu hamjambo. Leo sizunguki mjini. Nimekaa mezani kwangu hapa Leeds, saa nne usiku, mtoto kalala, na mbele yangu kuna rundo la nguo za shule. Wiki ijayo Septemba inaingia, shule zinafunguliwa, na mwanangu anaanza. Shule imetuma karatasi: kila nguo iwe na jina la mtoto. Sweta, suruali, koti la mvua, mpaka soksi. Wazazi wengi hapa siku hizi wanabandika stika, au wanaandika kwa kalamu ambayo wino wake hautoki. Mimi nimeagiza vile vitepe vya kizamani vilivyofumwa jina, na ninashona kwa mkono. Ngoja niwaambie kwa nini.

Mnakiona hiki? Nakisogeza karibu na kamera. Kitepe cheupe, sasa kimekuwa rangi ya chai ya maziwa, hakifiki hata urefu wa kidole changu. Herufi nyekundu. Jina nalifunika kwa kidole gumba, maana mwenyewe pengine yuko hai na sijamwomba ruhusa. Nimekaa nacho zaidi ya miaka ishirini.

Nilikuwa na miaka minane. Watu wa Moshi mnaijua Julai yetu: mlima unajificha siku nzima, ukungu unashuka mpaka barabarani, na darasani vidole vinakataa kushika kalamu. Mama akaniamsha alfajiri twende Memorial, soko letu la mitumba, kabla belo hazijafunguliwa. Ukichelewa, wachuuzi wameshachagua nguo kali, wewe unabakiziwa matambara. Tukasimama pale na kina mama wengine. Muuzaji akakata mikanda, belo la kilo 45 likafumuka kama unga unaoumuka, na ile harufu ikatoka. Hainaga jina ile harufu, lakini wote mnaijua. Hata leo nikipita kwenye maduka ya hisani huku, yanayouza nguo walizotoa watu, nguo zimefuliwa na kupangwa vizuri, pua yangu bado inaitafuta.

Mama akazamisha mkono akatoka na sweta la kijani kilichokolea, zito, shingo ya V. Kabla ya kuuliza bei akaligeuza nje ndani. Mama ni fundi cherehani, nguo huanza kuitazama kwenye mishono. Pale nyuma ya shingo ndipo alipokikuta hiki kitepe.

Shuleni wenzangu walikiona siku ya kwanza tu nilipolivua sweta uwanjani. "Kafa Ulaya! Kafa Ulaya!" Wadogo zangu huenda hamlijui neno hili. Ndivyo wazee wetu walivyoiita mitumba. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nguo zilikuwa adimu madukani, na wazee wetu wa Kilimanjaro wanakumbuka vilivyokuwa vikivushwa usiku kutoka Taveta, upande wa Kenya, kupitia Holili. Mwaka 1984 serikali ikalegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na mitumba ikaanza kujaa masokoni. Watu wakajiuliza: mtu mwenye akili zake anaachaje nguo nzima namna hii? Jibu likawa moja, mwenyewe kafa. Bibi yangu aliliamini hilo kabisa. Sweta langu alilifua mara mbili kwa maji ya moto, akaliombea, ndipo akaniruhusu nilivae.

Kwa hiyo mimi nilikuwa navaa sweta la mtoto aliyekufa, na jina lake likigusa shingo yangu. Nililia. Nikamletea mama wembe akibandue. Akanikalisha kwenye kigoda karibu na cherehani, akanionyesha kona moja moja. Kona tatu zimeshonwa kwa uzi mweupe, ya nne kwa uzi wa bluu. "Hii si ya mashine," akasema. "Kuna mama alikaa akashona hapa. Kazi ya mwenzangu siwezi kuifumua." Akalikunja sweta, akarudi kwenye nguo za wateja.

Nililivaa miaka mitatu. Likamfuata mdogo wangu, likatoboka viwiko, mwisho likawa tandiko la kuku anayelalia mayai. Siku lilipokwenda bandani ndipo mama alipokibandua kitepe, taratibu, akakitia kwenye kopo lake la vifungo. Nilipokuwa nafunga mabegi kuja huku alinipa viwili: hiki, na upande mmoja wa kanga yake ya kiwanda cha Urafiki, ile iliyolainika kwa kufuliwa, aliyotubebea wote mgongoni. Kanga ndiyo iliyompokea mwanangu hospitalini. Kitepe sikujua nikifanyie nini.

Mpaka juzi nilipoanza kushona haya masweta. Sweta nimenunua saizi kubwa, maana mtoto huyu anakua kama mgomba. Nikajikuta nimekwisha kulipangia safari: mwakani au mwaka wa keshokutwa litambana, nitalipeleka duka la hisani. Lisiponunuliwa litauzwa kwa kilo, lichambuliwe, lisukumwe ndani ya belo, lipande meli.

Mikono ikasimama. Miaka yote hii! Yule mtoto hakufa. Alikua.

Nilimpigia mama usiku ule ule, nyumbani kulikuwa kumekaribia kucha. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na ule uzi wa bluu?" Nikamwambia, mama, leo nimefika sweta la tatu uzi mweupe umeniishia, maduka yamefungwa, na nguo zinatakiwa. Nimechukua nilionao.

Tazameni, huu hapa. Wangu ni wa kijani.

Haya, mniandikie hapo chini: kwenu kuna nguo gani ya mtumba ambayo mama alikataa kuitupa? Nitasoma zote. Mimi naendelea, bado soksi jozi tano.